Kilalio cha Mshale

Habari za kifo cha Shija nilizipata kwa mteja aliyekuja kununua mnyororo wa baiskeli. Ilikuwa Alhamisi, na yule bwana, mkulima wa Didia ambaye hununua vipuri dukani kwangu hapa Shinyanga mara mbili tatu kwa mwaka, aliniomba nimfungie mnyororo wake upesi kwa sababu kesho yake hatakuwa na nafasi. "Tuna msiba," akasema. "Tunamzika mzee mmoja jirani yangu, anaitwa Shija. Yule wa mkono mmoja." Nilikuwa nimeshika koleo. Nikamuuliza kama huyo Shija aliwahi kuishi upande wa Geita, machimboni. Akasema alisikia hivyo, ila mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kusimulia mambo yake. Nikamfungia mnyororo, akaondoka, nami nikakaa kwenye kigoda nyuma ya meza mpaka mke wangu alipokuja kuuliza mbona chakula kimepoa.

Kesho yake nilikwenda Didia. Nilikaa nyuma kabisa ya turubai, katikati ya watu wasionijua, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na kijana mwenye sauti nzuri. Alizaliwa, akaoa, akapata watoto watano, akawa mzee wa kanisa. "Akiwa bado na nguvu zake alipata ajali machimboni, akapoteza mkono wa kushoto, lakini hakukata tamaa." Ikawa sentensi hiyo moja tu, kisha kijana akaendelea na mambo ya kilimo cha pamba. Nilimwona mjane wake, Mama Limi, kwa mbali, amekonda, ameegemea bega la mwanamke mtu mzima ambaye kwa paji lake la uso nilijua ndiye Limi mwenyewe, mtoto niliyemwacha hajajua kuhesabu. Sikwenda kuwapa mkono. Nilipanga mstari kama mtu yeyote, nikatupa udongo wangu kaburini, nikaondoka kabla ya chakula. Nimeshapita miaka hamsini, na katika miaka yote hiyo upo mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho, hata mke wangu. Ile sentensi ya wasifu niliirudia kichwani njia nzima ya kurudi. Ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kambi tuliyoishi tuliiita Mabatini, kwa kuwa kila kitu pale kilikuwa cha bati: vibanda, vyoo, kanisa, msikiti, hata duka la dawa. Kutoka barabara kubwa iendayo Geita ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, ukipita mashamba ya mihogo na vichaka vilivyokatwa kwa ajili ya magogo ya kuegemeza kuta za maduara, yale mashimo marefu ambamo watu walishuka kufuata dhahabu. Mimi sikushuka hata siku moja. Niliogopa, na nilikuwa na kazi yangu. Mawe yalibebwa kwa baiskeli kutoka maduara hadi kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, mifuko miwili au mitatu kwa safari, na baiskeli zikibeba mzigo wa namna hiyo haziishi kukatika spoku. Nilikuwa nanyoosha magurudumu tangu asubuhi hadi jua linazama. Nilipata sifa. Watu walisema gurudumu likipita mikononi mwa Masanja, unaweza kuweka glasi ya maji juu ya tandiko na isimwagike. Nilizipenda sana sifa hizo. Leo naona kwamba nilizipenda kupita kiasi, lakini wakati ule nilidhani ndio utu uzima wenyewe.

Nilipanga chumba nyuma ya mgahawa wa Mama Limi. Kilikuwa na upana wa kitanda na nafasi ya kusimama, na ukuta uliotenganisha kitanda changu na jiko lake ulikuwa wa mabanzi yaliyozibwa kwa mifuko ya saruji. Moshi ulipita, harufu zilipita, maneno yalipita. Nilijua kabla ya kutoka nje kama siku hiyo tutakula ugali wa muhogo kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, au kwa dagaa. Mama Limi alikuwa na majiko mawili, moja mbali na lingine, na vyungu ambavyo havikuchanganywa, kwa sababu nusu ya wateja wake walikuwa Waislamu na nusu nyingine walikuwa wanaulizia nguruwe pori. Nguruwe hao waliletwa na mumewe, Shija. Yeye naye alikuwa haendi kwenye maduara. Alikuwa mwindaji wa upinde. Serikali ya kijiji jirani ilimpa barua ya kuua nguruwe pori waliokuwa wanafukua mihogo ya watu, na wakati mwingine, lazima niseme ukweli, alirudi na pongo ambaye hakuwa kwenye barua. Alikuwa mrefu, mpole, amenizidi kama miaka kumi, anacheka kwa pua. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda changu akaniamkia kwa Kisukuma kabla sijamwamkia mimi, "Mwangaluka, fundi," kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Upinde wake haukuwa wa mti. Mzungu mmoja aliyekuja kupima miamba alimwachia alipokuwa anafunga kazi: upinde wa chuma, una roda mbili ndogo juu na chini, na kamba inayozunguka kwenye roda hizo. Ukiuvuta ni mzito mwanzoni, halafu ghafla unakuwa mwepesi, unaweza kutulia nao ukachagua pa kupiga. Lakini mwezi wa pili wa mwaka ule Shija aliteleza kwenye mawe, upinde ukagonga, na kikavunjika kile kidude kidogo cha plastiki kilichopo juu ya mshikio, pale mshale unapolala kabla ya kuachiwa. Hatukujua kinaitwaje. Shija alikiita kilalio. Aliniletea vipande vyake ndani ya kitambaa, akaviweka juu ya ndoo yangu niliyokuwa nimeigeuza meza. "Nimejaribu kulaza mshale juu ya kidole, kama upinde wa babu yangu," akasema. "Huu haukubali. Unachana ngozi na mshale unakwenda unakotaka wenyewe. Wewe unaweza magurudumu. Angalia hiki."

Nilitengeneza vilalio vitatu mwaka ule, na bado naweza kuvichora kila kimoja. Kulikuwa na tatizo moja ambalo ni lazima nilieleze, maana ndilo lililotufikisha tulikofika. Mishale aliyoachiwa Shija ilikuwa ya bati jepesi, na mingi ilikuwa imepinda au kupasuka ncha. Tuliikata. Ikawa mifupi, na mshale mfupi ukiuvuta hadi mwisho kigumba chake, ile ncha ya chuma, kinarudi nyuma ya mshikio, juu ya mkono ulioshika upinde. Kwa hiyo nilichonga kipande cha bati nene, nikakifunga kwa nati kirudi nyuma kuelekea kwa mvutaji, na kilalio kikakaa huko nyuma, juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Cha kwanza kilikuwa uma wa spoku mbili. Kilipiga kelele, na mshale ulikuwa unatikisika juu yake kama kuku juu ya waya. Cha pili nilikitengeneza kwa nywele za brashi ya viatu, nikazipanga kwa mduara ndani ya kipande cha bomba, ncha zote zikitazama katikati. Mshale ulipita katikati ya nywele, ukashikwa pande zote. Ungeugeuza upinde juu chini na usianguke. Shija alikipenda hicho. Aliua nacho nguruwe wanne, nasi tukawala na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mbele ya mgahawa, huku wachimbaji wakimwita mwenyekiti.

Mimi ndiye sikukipenda. Mzungu alikuwa amemwonyesha Shija namna ya kupima upinde kwa karatasi, na Shija akanionyesha mimi. Unatandaza karatasi ya mfuko wa saruji kwenye fremu ya mbao, unasimama hatua mbili tatu, unapiga mshale upite katikati yake. Kisha unasoma tundu. Kama mshale umepita umenyooka, utaona tundu la mviringo na michano mitatu mifupi ya manyoya. Kama mkia umeyumba, karatasi imechanika kwenda upande ulioyumbia, kushoto, kulia, juu, chini, nawe unasogeza kilalio kidogo, unene wa ukucha, unapiga tena. Kilalio cha brashi hakikuwahi kunipa tundu safi. Kila mara karatasi ilichanika kidogo kwenda juu. Niliomba unga kwa Mama Limi nikaupaka kwenye manyoya ya mshale, nikapiga, nikaona unga umebaki kwenye nywele za brashi. Maana yake manyoya yalikuwa yanakwaruza yakipita. "Unga wangu unaula wewe na mishale yako?" Mama Limi aliuliza kutoka jikoni. Shija alicheka, akasema mchano wa namna ile nguruwe hauoni. Lakini mimi nilikuwa naiona. Nilikuwa nalala nikiuona mchano ule.

Kilalio cha tatu nilikifanyia kazi wiki tatu. Kilikuwa mkono mdogo wa chuma wenye uma mwembamba, unasimama wakati upinde unavutwa kwa sababu nimeufunga kwa uzi kwenye kamba za roda, na mara tu mshale unapoachiwa, springi ya breki inauangusha, mshale unapita hewani bila kuguswa na chochote. Siku niliyokipiga kwa mara ya kwanza kwenye karatasi nikapata tundu la mviringo na michano mitatu. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Niliikata karatasi ile nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu. Nisingejisifu zaidi kama ningekuwa nimejenga daraja. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuna kilichoushika mshale kwa juu. Ulilala tu kwenye uma kwa uzito wake.

Asubuhi moja, wakati Mama Limi anaosha vyungu, nilisikia kupitia ukutani.

"Baba Limi, kile cha brashi kilikuwa na ubaya gani?"

"Kinachelewesha mshale. Na kikilowa umande kinakwaruza, mnyama anasikia."

"Tulikuwa tunakula kwa hicho."

"Masanja amesema hiki kipya ndicho."

"Masanja ni kijana, anapenda vitu vyake."

"Masanja akisema kitu kimekaa sawa, kimekaa sawa," Shija akajibu. "Mimi yule namwamini kuliko macho yangu."

Nilikuwa nimelala chali, natazama karatasi yangu. Maneno yale yalinipa furaha ambayo hata leo nikiikumbuka mwili unasisimka, kwa aibu sasa.

Alasiri ya siku moja kabla ya ajali nilikuwa peke yangu nyuma ya vibanda nikijaribu upinde. Nilikwisha kupiga nikiwa nimesimama, kila kitu kizuri. Nikasema nijaribu nikiwa nimechuchumaa, kama mwindaji anavyokaa. Nilipouvuta na kuulaza kidogo upande, mshale ukateleza kutoka kwenye uma ukaangukia juu ya mkono wangu. Sikuwa nimeachia. Nikaurudisha polepole, nikaupanga tena. Mara iliyofuata ukakaa, na nyingine ukakaa. Kisha ukateleza tena. Mara mbili, katika majaribio kama ishirini. Nilijua dawa yake: kupanua uma na kuuvisha kipande cha mpira. Nikavisha mpira, nikapiga kwenye karatasi, tundu likachanika. Nikauvua mpira. Nilijiambia kwamba mkono wangu haujazoea, kwamba Shija huvuta kwa utulivu kuliko mimi, kwamba upepo ulikuwapo. Jioni alipokuja kuuchukua upinde akaniuliza neno moja tu, "Imekaa?" Nami nikamjibu kwa neno moja, "Imekaa." Nimeyapima maneno hayo mawili kwa miaka mingi kuliko nilivyowahi kupima gurudumu lolote, na sijapata namna ya kuyanyoosha.

Tulikwenda pamoja asubuhi, kwa baiskeli yangu, yeye nyuma. Niliomba mwenyewe kwenda. Nilitaka kuona kazi yangu. Kulipokuwa kumepambazuka vizuri tulikuwa nyuma ya kichuguu, mbele yetu shamba la mihogo lililofukuliwa. Nguruwe walitoka watatu, mmoja mkubwa akiwa mbele. Shija alichuchumaa. Ili kupitisha upinde pembeni mwa kichuguu ilimbidi aulaze upande, akauvuta, akatulia. Nilikuwa hatua moja nyuma yake. Niliona mshale ukiteleza kutoka kwenye uma, taratibu, bila sauti, kigumba kikashuka nyuma ya mshikio na kutua juu ya mkono wake, chini ya kidole gumba. Yeye alikuwa anamtazama nguruwe. Nilifungua kinywa. Hadi leo sijui kama sauti ilitoka. Aliachia.

Vigumba vile vilikuwa na wembe pande mbili. Sitaeleza zaidi ya hapo. Alikaa chini akautazama mkono wake kana kwamba kuna mtu amemkabidhi amshikie. Hakupiga kelele. Alisema, "Masanja, angalia," kwa sauti ileile aliyonionyeshea vipande vya plastiki. Damu ilikuwa inaruka. Nilichukua tyubu kuukuu iliyokuwa kwenye mfuko wa tandiko, nikamfunga juu ya kifundo, nikakaza hadi damu ikaacha kuruka, nikampakia nyuma, nikamfunga kiunoni kwangu kwa shati langu asidondoke. Hadi barabara kubwa ilikuwa safari ndefu na njia ilikuwa ya mchanga. Njiani alikuwa ananiuliza kama nguruwe alipigwa. Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa uongo, lakini ule ulikuwa mdogo. Barabarani tulingoja gari muda mrefu, jua likapanda, na tulipofika hospitali ilikuwa alasiri. Mkono ulikuwa wa kijivu na baridi. Walijitahidi siku nne, siku ya tano wakaukata. Daktari, mtu mzima mwenye maneno machache, aliniita kando akaniuliza nani alifunga ile tyubu. Nikasema mimi. Akanishika bega. "Bila mpira ule ungeleta maiti hapa," akasema. "Mkono usingepona kwa vyovyote. Umemwokoa mwenzako."

Kwa hiyo niliporudi Mabatini nilikuwa mwokozi. Wachimbaji waliacha mizigo kuja kunishika mkono. Mchungaji alinitaja kanisani, na mzee mmoja wa msikitini aliniletea sahani ya pilau kutoka kwake. Mama Limi alipiga magoti mbele ya kibanda changu, watu wanaona, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Masanja. Wabeja sana," huku Limi mdogo akiwa ameng'ang'ania khanga yake. Nikamwambia ainuke. Angeniuliza wakati ule ningemwambia, nadhani. Lakini hakuna aliyekuwa na swali. Wote walikuwa na shukrani, na mimi sikujua namna ya kuwakatiza watu wanaoshukuru.

Shija alirudi baada ya wiki tano, shati lake limefungwa fundo kwenye mkono wa kushoto. Alikaa kwenye benchi la mgahawa siku mbili. Siku ya tatu akaja kibandani na upinde. Kumbe alikuwa amemwagiza mtu akautafute kichuguuni. "Rudisha kile cha brashi," akasema. "Utawinda wewe. Mimi nitakuonyesha." Sikuweza kukataa. Ningesema nini? Nikarudisha brashi, nikakitupa kile kilalio changu cha chuma chooni, na kuanzia hapo kila asubuhi tulikwenda wawili, nikivuta mimi, yeye akichuchumaa pembeni na kunong'ona: shusha bega, usipumue, ngoja ageuke. Nguruwe wa kwanza nilimpiga tumboni. Tulimfuata tangu asubuhi hadi mchana kwa matone ya damu, na tulipomkuta amekaa chini ya kichaka, anapumua, anatutazama, Shija aliniambia nimmalize kwa kisu, kwamba ndiyo adabu. Nilifanya, kisha nikatapika. Alinishika shingo kwa mkono wake mmoja mpaka nilipomaliza. "Sasa utajifunza kulenga," akasema, bila ukali wowote.

Nilijifunza. Kufikia mavuno nilikuwa napiga vizuri, na mgahawa ulikuwa na nyama tena. Ile miezi sita, na hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko ajali yenyewe, ilikuwa miezi mizuri. Tulikula sahani moja. Nilimfunga vifungo vya shati wakati Mama Limi ana moto jikoni. Alinifundisha kusoma nyayo na kinyesi, kujua kwa kunusa kama nguruwe wamepita usiku ule au jana yake. Hata nilipokuwa na ndugu zangu sijawahi kuwa na mtu karibu namna ile. Na kila tulipokaa na wageni, mtu mpya wa duara fulani, akamuuliza ilikuwaje, Shija alisimulia hivi: "Nilivuta vibaya. Mkono wangu ulitetemeka. Fundi alikuwa ameweka kila kitu sawa." Nami nilikuwa nimekaa pale pale na tonge mkononi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza kama isingekuwa Limi. Mtoto alikuwa anampenda baba yake, akimwona anatoka porini anakimbia amenyoosha mikono abebwe. Shija alikuwa hambebi. Alimpapasa kichwa, akampita. Siku moja nikiwa chumbani nilimsikia Mama Limi akimuuliza, mchana, wateja wamekwisha kuondoka. "Huo mkono mmoja hauwezi kumbeba mwanao? Unabeba nusu ya nguruwe." Kisha Shija akasema, "Ule mkono ulinisaliti ukiwa mzima, Mama Limi. Sijui huu nao utanifanya nini. Siwezi kumwangusha mtoto." Nikakaa kitandani. Nilielewa kwamba mtu huyu amekuwa akiuogopa mwili wake mwenyewe kwa kosa ambalo halikuwa la mwili wake, na kwamba ninayeweza kuliondoa ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilidhani naenda kumpa kitu.

Nilimwambia siku iliyofuata, tukiwa tumemaliza kula. Ilikuwa ugali na mlenda, nakumbuka, kwa sababu alikuwa bado hajanawa na mlenda ulikuwa unavutika vidoleni mwake wakati ananisikiliza. Nilimweleza kuhusu majaribio ya alasiri ile, mpira niliouvua, karatasi. Nilipomaliza akauliza, "Mshale uliteleza mara ngapi?"

"Mbili."

"Na mimi jioni nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akanawa, akaufuta mkono kwenye suruali. Alikuwa anatazama mlangoni, nje, ambako baiskeli zilikuwa zinapita na mawe. "Miezi yote hii," akasema, "nimekuwa naukasirikia mkono ambao haupo." Kisha akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo. "Umeniambia ili mimi nifanye nini, Masanja?"

"Nilidhani utapumzika," nikasema. "Ujue kwamba si wewe."

"Aliyetaka kupumzika ni wewe," akasema. Akainuka, akaingia ndani, akashusha pazia.

Baada ya siku ile hatukwenda porini tena. Hakunitukana, wala hakumwambia mtu ila mkewe. Kambini niliendelea kuwa mwokozi, watu wakaendelea kunisalimu kwa heshima. Alikuwa tu haniamkii. Alipita mbele ya kibanda kama mtu anavyopita mbele ya kibanda. Kupitia ukutani sikusikia chochote, kwa sababu walikuwa wanazungumza kwa kunong'ona, na kunong'ona kwao kulinitisha kuliko ugomvi. Wiki ya pili nikaona Mama Limi anagawa vyungu vyake kwa majirani. Wanarudi Didia, aliniambia, kwa wazazi wa mumewe, kulima.

Siku ya kuondoka nilikwenda na baiskeli bila kuitwa. Nilifunga godoro na magunia mawili nyuma, nikayasukuma hadi barabara kubwa, nao wakinifuata kwa miguu. Shija alikuwa mbele kabisa. Alikuwa amembeba Limi kwa mkono wa kulia, njia nzima, bila kumshusha, na mtoto alikuwa amelala begani kwake kinywa wazi. Niliuona mgongo wake na kichwa cha mtoto saa zote zile, nikajipa moyo kwamba basi angalau hilo. Basi lilipofika nilimsaidia kondakta kupandisha mizigo juu. Shija alipanda, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili. Mama Limi alibaki chini dakika moja, anahesabu magunia kwa macho. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe." Aliniangalia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa adui.

"Ungenyamaza, Masanja," akasema. "Mkono uliondoka, akabaki na wewe. Sasa nimrudishe kwao na nini?"

Akapanda. Kondakta akagonga bati, basi likaondoka, vumbi likatanda, likatulia. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu kusimama, kisha nikaendesha baiskeli kurudi Mabatini, nyepesi, haina mzigo. Mbele ya kibanda changu kulikuwa na mtu amekaa chini anangoja, gurudumu lake limekatika spoku tatu. Aliniuliza kama naweza kulinyoosha kabla jua halijazama. Nikamwambia nitajaribu. Akacheka, akadhani natania, akasema, "Fundi Masanja anajaribu?" Nikaligeuza gurudumu, nikaanza kuhesabu spoku, na mikono yangu ikafanya kazi kama kawaida, bila kukosea hata moja.